LLB yenye GPA 3.6: nisomee masters Mlimani au nisubiri ufadhili wa nje?

Wakuu, heshima kwenu. Nina LLB (digrii ya kwanza ya sheria), GPA 3.6, nafanya kazi ofisi ya wakili hapa Tarime. Natamani LLM (masters ya sheria) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ila ada sina, na mzee keshastaafu. Shangazi ndiye ameshikilia kwamba kusoma ni ng'ambo tu. Kuna ufadhili wa ndani kwa mwanasheria? Nasikia bila 3.8 hawakutazami.

Kandili: 3.8 ni ya wanaotaka kubaki kufundisha, mkuu. Kwa kusoma tu, 3.6 inatosha. Na shangazi mwambie hivi: chuo kile kilianza Oktoba 1961, uhuru wenyewe bado, kwenye jengo la TANU pale Lumumba, na fani ya kwanza ilikuwa sheria. 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia Mlimani, 1970 kikajitegemea. Enzi hizo Wakenya na Waganda walivuka mpaka kuja kusoma sheria Dar. Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, Willy Mutunga, ni zao la hapo.

Pwani254: Ndugu, tafuta TGCL. Ni kituo cha Watanzania na Wajerumani cha masomo ya sheria, kiko hapo hapo Mlimani tangu 2008, kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Bayreuth, na ufadhili wake umekuwa ukitoka DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Ni LLM na PhD, kwa watu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Angalia kwanza kama mwaka huu wametangaza nafasi.

Mleta mada: Asante sana. Lakini mimi kila siku ni kesi za mashamba, niandike utafiti wa nini huko?

Pwani254: Uko Tarime halafu unauliza? Mpaka wa Sirari upo hapo mlangoni. Wateja wenu hawavushi mahindi kwenda Isebania, upande wa Kenya? Chukua Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya, inayotumika tangu 2010, uilinganishe na yanayomkuta mfanyabiashara pale forodhani. Ukiandika "utangamano wa Afrika Mashariki" kijumlajumla, watakuweka kando.

Kandili: Na barua za wadhamini anza kuzifuatilia leo. Wahadhiri wana mambo mengi, ukimwomba wiki ya mwisho atakuandikia mistari mitatu.