Walipobadilisha mpangilio wa huduma uliyoizoea, ulisemaje hadi wakakusikia? Tupeane uzoefu

Wakala wa Tandika:

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni wakala wa pesa kwa simu, mwaka wa saba huu. Nimeleta mada kwa sababu ya mama yangu mzazi, yuko Korogwe. Anatumia kitochi na macho yake hayaoni tena maandishi madogo, kwa hiyo menyu haisomi kabisa. Ameikariri: nyota, namba, reli, halafu nne, halafu mbili, halafu namba ya mita. Mjukuu wake alimwandikia zile namba kwa wino, kubwa kubwa, kwenye kipande cha boksi la dawa. Anakitunza kwenye pochi pamoja na kadi ya kliniki. Umeme wake amenunua hivyo miaka yote bila kumsumbua mtu.

Juzi kati hapa wakaongeza kipengele kipya katikati ya menyu. Kilichokuwa nne kikawa tano. Mama akabonyeza kama siku zote, ikamjibu chaguo si sahihi. Akarudia. Akatoa kile kiboksi, akabonyeza kwa kufuata maandishi, ikakataa tena. Usiku ule alilala giza. Asubuhi akanipigia simu, sauti ya chini: "Mwanangu, nadhani akili yangu inaanza kuondoka."

Wakuu, ile sentensi imenikaa kifuani mpaka leo. Nilipiga huduma kwa wateja, nikaambiwa menyu imeboreshwa. Basi.

Naomba tupeane uzoefu. Nani amewahi kulalamikia mabadiliko ya namna hii yakafanyiwa kazi? Ulimwambia nani, na ulisemaje?

Muuza vitambaa, Unguja:

Pole sana kwa mama, mpe salamu zetu.

Langu lilikuwa la neno moja tu. Nina duka la vitambaa, mauzo naandika kwenye programu ya simu ya Kiswahili. Zamani ukitaka kuacha jambo kabla hujamaliza, kitufe kiliandikwa "Ghairi". Likaja toleo jipya, rangi zimebadilika, vitufe vimekuwa vya mviringo, na mfasiri wao mpya akaweka "Futa". Na kufuta rekodi nako ni "Futa". Neno lile lile, kitufe kimoja juu kimoja chini.

Siku ya mkesha wa Idi, duka limejaa, nimefungua ukurasa wa mauzo ya siku nzima kwa bahati mbaya. Nikataka kutoka. Nikabonyeza "Futa" nikidhani ndiyo kughairi. Ikaniuliza: "Una uhakika unataka kufuta?" Nikasema ndiyo, maana nilikuwa na uhakika nataka kutoka! Mauzo ya siku yakaenda. Nilikaa na binti yangu hadi saa sita za usiku tukihesabu mabaki ya kila jora ili tujue kilichouzwa.

Niliwaandikia mara ya kwanza kwa hasira, sikujibiwa. Mara ya pili nilipiga picha vitufe vyote viwili, nikavizungushia wino mwekundu, nikaandika mistari miwili: hili neno ni moja kwa kazi mbili, lililopotea kwangu ni hili. Toleo lililofuata "Ghairi" ikarudi. Sikuambiwa ahsante, lakini ilirudi.

Mwalimu Morogoro:

Mimi sioni. Simu naitumia kwa TalkBack, ile sauti ya Android inayosoma kila unachogusa. Kitufe kikiwa kimewekewa jina, sauti inasema "tuma pesa, kitufe". Kisipowekewa, nasikia "kitufe" tu bila jina.

Programu ya benki ninayopokelea mshahara ilibadilishwa sura mwaka jana. Walioona walisema imependeza. Mimi nilikuta vitufe sita mfululizo: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Walikuwa wameondoa maneno wakaweka vipicha, na vipicha hawakuvipa majina. Ikabidi nimwite mtoto wa jirani anisomee. Kwa wiki tatu mtoto wa darasa la sita alijua salio langu kuliko mke wangu. Mtu mzima, mwalimu, fedha zangu zinasomwa kwa sauti barazani.

Nilichofanya: nilirekodi skrini pamoja na sauti, sekunde arobaini, nikigusa vile vitufe kimoja kimoja. Sikuongeza neno. Nikaipeleka tawini mwenyewe, nikaomba nimsikilizishe meneja. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akaomba nimtumie. Majina yaliwekwa. Wakuu, kukiwekea kitufe jina ni kuandika neno moja kwenye programu. Hakuharibu uzuri wa kitu chochote.

Bodaboda wa Sinza:

Mimi nitasema tofauti kidogo. Programu tunayopokelea abiria ilipobadilishwa tulipiga kelele kijiweni wiki nzima, mimi nikiwa wa kwanza. Leo sitaki ya zamani. Maandishi yamekuwa makubwa, juani nayaona bila kusimama. Kuna malalamiko ya mazoea na kuna malalamiko ya kazi kukwama. Haya ya mama Korogwe ni ya kazi kukwama, nakuunga mkono.

Mtengeneza programu:

Nimesoma yote. Niko upande wa pili, natengeneza programu, na menyu za nyota na reli nimewahi kuzifanyia kazi pia. Ujumbe mmoja wa menyu ile hauzidi herufi 182. Ukiongeza kipengele, kingine lazima kisogee au kiende ukurasa wa pili. Ofisini mtu anaona orodha, na kipengele kipya anataka kionekane, kwa hiyo anakipachika katikati au juu. Haoni kwamba kuna mtu ambaye kwake "nne" ndiyo umeme. Cha kufanya ni kukiweka mwisho wa orodha, namba za zamani zibaki pale pale. Tulibishana sana juu ya hilo kazini. Mara nyingine nilishinda, mara nyingine sikushinda.

Na wakubwa pia hukosea. Microsoft waliondoa kitufe cha Start, kile cha kufungulia menyu ya programu za kompyuta, kwenye Windows 8, Oktoba 2012. Watu waliokizoea tangu 1995 wakabaki wanakitafuta kwenye kona. Mwaka uliofuata kitufe kikarudi kwenye 8.1, na menyu yenyewe ikarudi kamili na Windows 10 mwaka 2015. WhatsApp nao, Februari 2017, waliondoa ile sentensi fupi ya kujieleza wakaweka picha zinazotoweka baada ya saa 24. Watu wakalalamika, mwezi uliofuata wakaanza kuirudisha. Kwa hiyo kusema kunasaidia.

Ukituma maoni, "toleo jipya baya" sina pa kulishika. Niambie aina ya simu, ulitaka kufanya nini, ulibonyeza nini, ikakujibu nini. Skrinishoti ikiwepo, vizuri. Ile rekodi ya mwalimu ningeipeleka kwenye kikao siku hiyo hiyo.

Wakala, kitochi hakipigi skrinishoti. Piga picha kile kiboksi cha mama kikiwa kando ya simu yake yenye menyu mpya, kitume.

Wakala wa Tandika:

Ahsanteni sana wakuu, nimeshiba.

Nimempigia mpwa wangu, ameipiga picha jioni hii. Maandishi ya boksi yamefifia, ila ile 4 bado inasomeka, na kwenye simu pembeni inaonekana 5. Kesho naipeleka ofisi yao ya kanda pamoja na barua, mkono kwa mkono. Mama nimemweleza kwamba wao ndio waliohamisha namba. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mimi sikusahau?"

Nikamwambia hukusahau, mama. Nitaleta majibu hapa.