Maduka ya vifaa vya uwindaji yanawauzia wageni buti zenye namba za baridi zisizo na maana, na vijana wetu wanaumia

Wanajamvi, nawasalimu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ninaishi Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, nawinda kulungu wa mkia mweupe kila msimu wa Novemba, na kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kupigiwa simu na vijana wetu wanaotaka kuanza. Kila mwaka mambo ni yale yale: kijana anaingia dukani na akiba ya miezi kadhaa, anatoka na mifuko mikubwa ya nguo za mabakamabaka, na asubuhi ya kwanza porini anarudi garini kabla ya saa tatu, anatetemeka kiasi kwamba hata ufunguo wa mlango unamshinda. Safari hii aliyeumia ni mpwa wangu, na nimeamua kuyaandika yote hapa ili wengine wayasome kabla hawajatoa pesa zao.

Nianze na buti, maana hapo ndipo dhuluma ilipo kubwa zaidi. Buti alizouziwa zilikuwa na kibandiko kinachosema kwamba zinafaa hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Alfajiri ile, kaskazini mwa jimbo, kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 12 chini ya sifuri, baridi ambayo kwa mwenyeji wa huku ni ya kawaida kabisa kwa mwezi huo. Hata jua halijapanda vizuri, kijana alikuwa hahisi tena vidole vya mguu wake wa kulia. Tulipomvua buti, soksi ilikuwa imelowa chapachapa kwa jasho, na vidole viwili vilikuwa vyeupe, vigumu, na ukivibonyeza hana habari. Daktari alituambia kwamba baridi imeunguza ngozi na kwamba vidole vitapona. Lakini malengelenge yalitoka, ngozi ikababuka, na mpaka leo kijana hawezi kuvaa kiatu cha kufunga wala kwenda kazini.

Sasa niambieni, ile namba 40 ilitoka wapi? Mifuko ya kulalia ina kipimo cha kimataifa, ISO 23537, ambapo sanamu lenye umbo la mtu linapashwa joto na kulazwa ndani ya mfuko kwenye chumba cha baridi, ili mnunuzi aweze kulinganisha mfuko wa kampuni moja na wa kampuni nyingine. Buti za kuwindia zinazouzwa madukani hazina kipimo kimoja ambacho kila mtengenezaji analazimika kukifuata. Kila mmoja anapima kwa namna yake, na mara nyingi namba inayoandikwa inamhusu mtu anayetembea, ambaye misuli ya miguu yake inazalisha joto muda wote. Mwindaji wa kulungu hatembei. Anapanda kwenye dungu lililofungwa mtini, mita nne au tano juu ya ardhi, anaweka nyayo zake juu ya wavu wa chuma uliopigwa na baridi usiku kucha, na anakaa hapo kimya kwa saa nyingi bila hata kutikisa goti, kwa sababu kulungu huona mtikisiko mapema kuliko anavyoona kitu kingine chochote. Mhudumu wa duka linalojitangaza kuwa ni la wawindaji anayajua haya, au anapaswa kuyajua. Hakumuuliza kijana hata mara moja kama atatembea au atakaa.

Kibaya zaidi ni ushauri aliompa. Alimwonyesha ile namba nyingine iliyoandikwa ubavuni mwa buti, 800, akamwambia kwamba kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo buti inavyohimili baridi kali zaidi, na maelezo yakaishia hapo. Namba hiyo ni gramu za kizuia baridi kwa kila mita moja ya mraba. Inaeleza wingi wa kitu kilichoshonewa ndani, haielezi soli ina unene gani, wala kama unyevu wa jasho una pa kutokea, wala kama mguu una nafasi. Kizuia baridi chenyewe hakina kosa. Aina maarufu kuliko zote, Thinsulate, ilibuniwa na 3M, kampuni yenye makao yake makuu hapa hapa Minnesota, na inafanya kazi yake vizuri ikiachwa ijae hewa. Lakini mhudumu alimpa buti ya namba yake kamili ya mguu, kisha akamuuzia soksi nene jozi mbili avae pamoja. Mguu ukabanwa, kizuia baridi kikakandamizwa, na damu ikawa inafika kwenye vidole kwa shida. Huo ni ushauri wa kumkata mtu vidole, na ulitolewa kwa tabasamu na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Buti ya kukalia dungu ninayoijua mimi, na ambayo majirani zangu wazee wa huku wameivaa tangu ujana wao, ni ile ya mpira chini na ngozi juu, yenye bitana nene ya sufu iliyoshindiliwa ambayo inachomoka. Inanunuliwa namba moja zaidi ya kiatu cha kawaida, inavaliwa na soksi moja ya sufu, na jioni bitana inatolewa na kuanikwa karibu na jiko mpaka ikauke hadi kwenye ncha ya vidole. Ukiwa na bitana ya akiba, ni heri zaidi. Buti za namna hiyo zilikuwa kwenye rafu ile ile, kwa bei ndogo kuliko zile alizouziwa kijana.

Tuje kwenye nguo. Ile iliyoitwa seti kamili ilikuwa na fulana ya ndani ya pamba na sweta la kofia la pamba pia, yote yamechapwa majani ya mwaloni ili yaonekane kuwa ni ya kuwindia. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia kwenye ngozi, na ikishalowa inaacha kumpa mtu joto. Sufu laini, au polista iliyofumwa kwa ajili hiyo, ndiyo inayopaswa kugusa mwili; juu yake linafuata vazi la manyoya ya kiwandani (fleece) au sufu nene linaloshika hewa, na juu kabisa vazi la kuzuia upepo. Hilo la upepo si la hiari. Kwa hesabu za idara ya hali ya hewa ya Marekani, hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri ikivuma kwa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapata baridi sawa na ya nyuzi 28 chini ya sifuri, na inaweza kuungua ndani ya nusu saa. Juu ya mti hakuna kichaka cha kukukinga. Koti aliloambiwa kwamba linatosha kila kitu lilikuwa la manyoya matupu, na upepo ulipita ndani yake moja kwa moja.

Akaambiwa pia avae kila kitu kabla ya kuondoka garini. Nilipomwona amejifunga hivyo nilimwambia avue koti, akanijibu kwa heshima, «Mjomba, dukani wamenihakikishia kwamba hizi hazitoi jasho.» Akatembea kwenye theluji, bunduki begani na begi mgongoni, na alipofika chini ya mti wake shingo ilikuwa inafuka mvuke. Jasho lile ndilo lililomgandisha alipokaa. Mtu hutembea akiwa amevaa nyepesi hata akihisi baridi kidogo, koti kubwa limefungwa kwenye begi; akishafika anasubiri mwili utulie, kisha anajifunika. Jambo hilo linahitaji sentensi moja tu kulieleza, na dukani hakuna aliyelieleza.

Halafu kuna mkanda wa usalama, ule unaozunguka kifua na mapaja na kufungwa kwenye shina la mti. Walimpima juu ya fulana, ndani ya duka lenye joto. Porini, juu ya koti na suruali nene yenye mikanda ya mabegani, vifungo havikukutana. Kijana alitaka kupanda bila mkanda, nikamkataza, tukahangaika gizani kuulegeza mpaka ukafunga. Kuanguka kutoka kwenye madungu ni miongoni mwa sababu kubwa za wawindaji kuvunjika mgongo na hata kufa katika nchi hii. Mkanda usiofunga juu ya nguo za baridi hauna kazi, na muuzaji anayempima mtu bila koti wakati koti lenyewe liko kwenye kaunta amefanya uzembe ambao sina namna ya kuutetea.

Rangi nayo. Nguo zote alizouziwa zilikuwa za mabaka ya kijani na kahawia, kuanzia kofia. Sheria ya Minnesota inamtaka anayewinda kulungu kwa bunduki avae rangi ya chungwa ing'aayo, au ya waridi ing'aayo ambayo imeruhusiwa tangu 2017, kwenye kofia na kwenye vazi la nje juu ya kiuno. Jimbo jirani la Wisconsin nako kuna sharti la namna hiyo. Rangi hiyo ndiyo inayomzuia mwindaji mwingine asikupige risasi, na kulungu hasumbuliwi nayo, kwa kuwa jicho lake halina chembe za kupokea wekundu kama letu. Chungwa kwake ni rangi iliyofifia. Kinachomshtua ni buluu na ule mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni, na sabuni nyingi za kufulia zina kemikali ya kung'arisha inayozifanya nguo ziurudishe mwanga huo. Kwa hiyo kijana alilipia mabaka ya bei mbaya, hakuambiwa lolote kuhusu sabuni, na kama nisingekuwa na fulana ya chungwa ya ziada garini angeingia msituni akiwa anavunja sheria na akiwa haonekani, siku ambayo misitu yote ya jimbo imejaa watu wenye bunduki.

Vifuko vya joto alivyouziwa vilikuwa vya mikononi, naye akaelekezwa aviingize kwenye buti. Ndani yake kuna unga wa chuma unaopata joto kwa kukutana na hewa. Kwenye buti iliyobana hewa ni haba, vikapoa mapema. Vipo vya vidole vya miguu vilivyotengenezwa kwa mazingira hayo.

Naomba mnielewe kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito namna hii. Wengi wetu tuliokulia Kenya hatukuwahi kumwona baba wala babu akiwinda, kwa sababu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kijana wa Kizungu wa huku anafundishwa na babu yake jinsi ya kuanika bitana kabla hajafundishwa kulenga shabaha. Kijana wetu mwalimu wake ni mhudumu wa duka. Mgeni ni kuku mweupe, wanamtambua tangu mlangoni kwa lafudhi na kwa maswali yake, na badala ya kumlinda wanamrundikia kila kilichododa kwenye rafu.

Nilirudi dukani na buti pamoja na risiti. Meneja aligeuza soli, akaona tope, akasema kwamba bidhaa imeshatumika na pesa hazirudi. Nilipomwonyesha kibandiko alichukua boksi, akanionyesha maandishi madogo upande wa chini, yanayosema kwamba kiwango cha joto hutegemea mwendo wa mvaaji. Akaongeza kwamba kila mtu anahisi baridi kwa namna yake. Nilimuuliza kwa nini namba 40 imeandikwa kwa herufi kubwa mbele na sharti lake limefichwa mahali ambapo boksi linakalia. Akaniambia niwaandikie watengenezaji. Nimewaandikia, na nimeandika pia malalamiko kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi.

Na ninyi ndugu zetu mnaotengeneza video kwa Kiswahili na kuweka viungo vya kununulia seti hizo hizo ili mpate asilimia yenu, nawaambia wazi kwamba mna sehemu yenu katika jambo hili. Wengine mnapiga picha uani kwenu, theluji haijafika hata kwenye kifundo cha mguu, kisha mnasema mmezijaribu. Semeni mlizijaribu mkiwa mmekaa kwa muda gani, katika nyuzi ngapi, na upepo ulikuwaje. Kama hamkuzijaribu hivyo, ondoeni viungo.

Ninachowaomba wanajamvi ni ushahidi. Yeyote aliyeuziwa buti au koti kwa ahadi ya namna hii aweke hapa picha ya kibandiko, picha ya maandishi madogo na tarehe ya risiti, akifuta jina lake, ili niyaambatanishe na malalamiko yangu. Na wale wanaokwenda msimu wa magobore, unaoanza Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani ya Marekani, mwishoni mwa Novemba, na ambao baridi yake ni kali kuliko ya mwanzo wa Novemba, waweke picha za buti zao wiki hii, wakati duka bado linaweza kuzipokea zikiwa hazina tope. Nitajibu kila mmoja.