Mrejesho: Flatpak na diski iliyokuwa inajaa
Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini diski ya Linux Mint yangu inajaa wakati programu nilizoweka kwa Flatpak (mfumo wa kusakinisha programu kwenye Linux) ni sita tu. Mliosema ni rantaimu (vifurushi vya msingi ambavyo programu hizo huvitegemea ili zifanye kazi) mlipatia. `flatpak list --runtime` ilinionyesha matoleo matatu ya rantaimu ya GNOME na rundo la draiva kuukuu za kadi ya picha ya NVIDIA.

`flatpak uninstall --unused`, amri ya kuondoa rantaimu zisizotumika, ilisafisha karibu GB 5, ila toleo moja la GNOME likagoma kutoka. Nikaandika `flatpak list --app --columns=application,runtime` nione kila programu inatumia rantaimu ipi, mchawi akajulikana: programu ya kuchora ambayo sijaifungua tangu mwaka jana! Nimeifuta, nikarudia amri ile ya `--unused`, toleo hilo likaondoka.

Aliyeshauri nifute kwa mkono folda ya `/var/lib/flatpak` (Flatpak inamohifadhi programu na rantaimu), samahani mkuu, sikuthubutu.