Kuchoma vipindi kwenye DVD: setingi gani?

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nimepakua vipindi vinane, kila kimoja kama dakika 45, nataka kumchomea mama DVD. Kompyuta hana habari nayo, ana deki tu. Vyote vitaenea kwenye diski moja? Na programu inauliza mfumo wa picha za TV, PAL au NTSC. Mimi niko Kanada, yeye yuko Tanzania.

---

Marahaba binti. Kwenye PAL na NTSC hufuati ulipo wewe, unafuata deki itakayocheza. Tanzania, kama Kenya na Uingereza, ni PAL: picha 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Huko Kanada ni NTSC, 720 kwa 480, fremu 29.97. Deki nyingi za PAL zinakubali NTSC. Za NTSC ndizo zenye maringo, PAL mara nyingi zinaikataa. Angalia pia fremu za faili zenyewe. Zikiwa 23.976 kwa sekunde, afadhali uziharakishe hadi 25 kuliko kurudiarudia fremu. Ni kama asilimia 4 tu, jicho halistuki, ila sauti nayo iharakishwe vilevile, la sivyo midomo itafika kabla ya maneno.

Sasa hilo la kuenea. Diski ya GB 4.7 (kompyuta huenda ikaandika 4.38 kwa kuwa inahesabu kwa 1024, hakuna aliyekuibia) inabeba takriban megabiti 37,600. Vipindi vyako ni saa 6, yaani sekunde 21,600. Gawanya: megabiti 1.7 kwa sekunde, sauti humo humo. Kwa MPEG-2, mfumo wa kubana picha wa DVD, hiyo ni njaa. Mtu aliyekaa anaongea atapita, lakini ikija mvua, moshi au watu wanaserebuka, picha inavunjika vijumba-vijumba. Chukua diski mbili, vipindi vinne vinne. Hapo unapata kama 3.5. Sauti iwe AC-3 (aina ya sauti ya DVD) ya kilobiti 192, picha ipe megabiti 3.2, kinachobaki ni cha menyu na akiba.

Weka pasi mbili: ya kwanza programu inakagua wapi pana purukushani, ya pili inagawa biti kwa kadiri ya haja. Inachelewa sana, iache ifanye kazi umelala. Kilele usipitishe megabiti 8 kwa sekunde. Kanuni inaruhusu 9.8, lakini deki kuukuu ikikutana na diski ya kuchoma kwa kasi hiyo huanza kugandaganda.

---

Naongezea kwa mzee. Usichukue MP4 ukazitupia kwenye diski hivi hivi, deki nyingi hazizifungui. Iwe DVD-Video kamili, ndani uone folda ya VIDEO_TS, na ukimaliza kuchoma diski ifungwe (programu huita "finalize"). Programu ya kubadilisha video ya HandBrake haikufai hapa maana haitengenezi DVD. DVDStyler ni ya bure na inafanya kazi yote, hadi menyu.

---

Asanteni sana. Swali la mwisho: vipindi ni 16:9, yaani picha pana, na TV ya mama ni ile ya chogo, 4:3.

---

Chogo haina neno. Acha 16:9, usikate picha wala usiivute. Kwenye setingi za deki achaguliwe 4:3 Letterbox, atapata mistari myeusi juu na chini. Siku akinunua flati, ibadilishwe kuwa 16:9 na diski hiyo hiyo itajaza kioo.