Mrejesho: lile swali la kamba na kapi limekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu tofali la kilo 3 mezani, kigawo cha msuguano 0.5, lililofungwa kamba inayopita kwenye kapi laini hadi jiwe la kilo 2 linaloning'inia (g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ni 10). Swali lilitaka mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde; nilikuwa napata 1.67 m/s², jibu ni 1.

Kosa nimelikamata. Niliweka mvuto wa kamba 20 N, sawa na uzito wa jiwe. Lakini jiwe linashuka likiongeza kasi, kwa hiyo kamba lazima ivute pungufu ya hapo! Nikachora kila kimoja peke yake. T ni mvuto wa kamba, a ni mchapuko. Jiwe: 20 − T = 2a. Tofali: T − 15 = 3a (15 ni msuguano, 0.5 × 30). Nikajumlisha, T ikafutika, ikabaki 5 = 5a, yaani a ni 1. T ni 18 N.

Uliyesisitiza michoro miwili, nakushukuru sana.