Mrejesho: gari kuvunjwa kioo na kuibiwa begi

Wakuu asanteni sana, nilikuwa nimeuliza nifanyeje baada ya kukuta kioo cha mlango wa nyuma kimevunjwa na begi la laptop halipo. Nilipiga picha kabla sijagusa kitu, nikaenda polisi nikapewa ripoti, bima wamelipa kioo ila laptop wamekataa, wanasema vitu binafsi vya ndani ya gari havimo, basi ndo imeenda hivyo.

Aliyesema nifungue paneli ya mlango Mungu ambariki, mle ndani vipande vilijaa mpaka kioo kipya kikishuka kinakwaruza, na kwenye reli za siti mpaka leo bado naokota vipunje.

Nimebandika ile plastiki ya usalama kwa ndani ya vioo, juzi kuna mtu kajaribu tena, kioo kimepasuka chote ila kimeshikana akashindwa kuingiza mkono (gharama ya kioo iko palepale lakini!). Alamu bado sijafunga. Gari naacha tupu, hata waya wa chaji natoa, na nikibonyeza rimoti navuta kitasa kwanza maana kuna wanaozuia mawimbi ya rimoti, unaondoka ukijua umefunga kumbe wapi.