Mrejesho: Foleni ya malori na mashine ya kufungasha

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau, niliuliza kama tununue mashine ya pili ya kufungasha, maana malori yalikuwa yanapanga foleni getini huku mzigo haujakamilika. Mmoja wenu akaniambia nisinunue chochote kwanza, nikasimame na saa mkononi zamu nzima. Nilikereka kidogo, lakini nikasimama.

Kumbe mashine haikuwa na shida ya kasi. Ilikuwa inalala. Kila tukibadilisha saizi ya boksi, fundi anaizima, ndipo anaanza kutafuta spana. Akienda stoo kuchukua reli za saizi nyingine (zile vyuma vya kuongoza boksi kwenye mashine), mwenye funguo kaenda chai. Dakika 50 zinayeyuka, na za kufunga bolti hazifiki 15.

Tukafuata njia ya yule mhandisi Mjapani, Shigeo Shingo: kazi inayoweza kufanyika mashine ikitembea, ifanyike ikitembea. Sasa kitoroli chenye reli na spana kinasogezwa pembeni kabla ya kuzima. Bolti nne tumezitoa, tumeweka vibanio vya kukaza kwa mkono. Jana tulimaliza kwa dakika 18.

Foleni imepungua, haijaisha. Jumatatu bado ni vurugu, oda za wikiendi zinashuka kwa mpigo na madereva wote wanafika asubuhi. Tumeanza kuwapangia muda. Wawili wanautii, wengine tunabembelezana. Mashine ya pili tumeiweka kando, na mhasibu siku hizi ananisalimia yeye kwanza.